MJADALA: Uwanja mdogo wa mbio za farasi ukifungwa, pesa ya ardhi yake ni ya nani?

Mleta mada

Wakuu, habari za saa hizi. Nimekuwa nikifuatilia ugomvi wa viwanja vidogo vya mbio za farasi New Zealand na naona umefika pa kuuleta hapa, maana hauhusu farasi peke yao. Watu wa kijijini wanajenga kitu kwa nguvu zao, vizazi vinapita, halafu anatokea mtu wa makao makuu na kusema hii sasa ni mali ya mchezo mzima.

Kwa asiyejua kisa chenyewe: mwaka 2018 Winston Peters, aliyekuwa waziri mhusika, alimwita John Messara, mfugaji mashuhuri wa farasi wa Australia, aikague sekta nzima. Messara akakuta nchi ina viwanja 48 vya mbio za kawaida (za farasi wanaopandwa mgongoni, si wa kuvuta vigari), akashauri vibaki 28. Vingine vifungwe, ardhi iuzwe, pesa ikakarabati vinavyobaki, na zawadi za washindi zikaribie kuongezeka maradufu. Kwenye orodha ya kufungwa ulikuwemo Avondale, ulio ndani ya jiji la Auckland ambako kila kipande cha ardhi kinagombaniwa, na pia viwanja vya miji midogo kama Reefton na Dargaville.

Kisha ikaja Sheria ya Sekta ya Mbio ya mwaka 2020. Uwanja ukionekana hauhitajiki tena, chombo kinachosimamia mchezo kinakaa na klabu kuzungumza. Wasipoelewana, jambo linaweza kufika kwa waziri, na mwisho wake mali ikahamishiwa chombo hicho kwa amri ya serikali. Hapo ndipo klabu za vijijini zilipokosa usingizi.

Ili tuelewane, tuangalie pesa inavyotembea. Mchezo huu hauishi kwa kiingilio cha getini. Unaishi kwa madau. Kwenye mfumo wa mfuko wa pamoja, madau yote yanaingia kapu moja, inakatwa asilimia, kinachobaki wanagawana walioshinda. (Mashine ya kwanza iliyofanya hesabu hizo yenyewe, iliyobuniwa na George Julius, iliwekwa Ellerslie, Auckland, mwaka 1913, kwa hiyo hawa jamaa wana historia.) Mwaka 1951 wakaanzisha TAB, shirika la kubeti nje ya uwanja, na tangu 2023 shughuli zake zinaendeshwa na kampuni ya Entain kwa mkataba wa miaka 25. Fungu linalotoka huko linagawiwa vyombo vya mchezo, navyo vinazipa klabu. Kwa maneno mengine, anayelipia mbio za Reefton ni mtu aliyejilaza kwenye kochi Auckland na simu mkononi.

Msimamo wangu ni huu. Siku ya mbio ina bili mbili na watu wanazichanganya. Kuna bili ya uwanja: nyasi, maji, uzio wa ndani, ambulensi inayofuata farasi nyuma kila mbio, daktari wa mifugo, wasimamizi, kamera za mstari wa mwisho, matangazo ya televisheni. Halafu kuna bili ya sherehe: mahema, baa, muziki, shindano la mavazi, wadhamini. Bili ya kwanza ndiyo inayozaa bidhaa inayobetiwa nchi nzima, kwa hiyo ilipwe yote na mfuko mkuu, bila klabu kupigwa danadana. Bili ya pili ni ya klabu; ikishindwa kuvuta watu, shauri yake. Ukizitenganisha hivyo, utajua uwanja upi unakula hasara kweli na upi unaitwa mzigo kwa sababu tu vitabu vimeandikwa vibaya.

Na ardhi? Uwanja ukifungwa, sikubali pesa yote iende makao makuu. Karibuni tujadili, ila matusi hapana.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada umeandika vizuri, lakini hesabu yenyewe umeikwepa. Uwanja wa siku mbili kwa mwaka unakatwa nyasi mwaka mzima. Mifereji inaziba iwe kuna mbio au hakuna. Paa la jukwaa linavuja hata kama hakuna aliyekaa chini yake. Sasa zidisha na viwanja vyote hivyo, katika nchi ndogo namna ile, ambayo idadi ya watoto wa farasi wanaozaliwa imekuwa ikishuka kwa miaka mingi. Farasi hawatoshi kuvijaza!

Na mbio isipojaa farasi, anayebeti haiangalii. Mbio ya farasi watano, mmoja wao anayejulikana na kila mtu, haina soko. Ya farasi kumi na wanne ina soko, kwa sababu hapo malipo ya kubahatisha farasi watatu wa mwanzo yanapanda na watu wanaanza kuota. Hiyo ndiyo bidhaa uliyoisema. Umeitaja kisha ukaiacha njiani.

Tena watu wanapotosha ripoti. Messara hakusema klabu zife. Alisema viwanja vifungwe, klabu ibaki na jina lake, kombe lake na siku yake, lakini ikakimbizie kwa jirani. Wakufunzi wenyewe wamejirundika kwenye miji ya Cambridge na Matamata. Kumsafirisha farasi kwa lori mwendo wa saa nne kwenda kukimbia dakika moja na nusu kwa zawadi ambayo haifiki hata gharama ya kumlisha, mwenye farasi anafanya hivyo mara ngapi kabla hajaacha?

Mchangiaji wa tatu

Mimi nimewahi kufanya kazi ya kuhudumia farasi siku za mbio, naomba niongelee kitu kimoja tu: kona.

Mkiona kwenye televisheni imeandikwa mbio zimesitishwa, mara nyingi yamefanyika haya. Mbio ya kwanza, farasi anafika kona ya mwisho, mguu wa nyuma unatoka nje kama mtu aliyekanyaga sabuni, joki, yaani mpanda farasi, anabaki juu kwa bahati. Wakirudi, majoki hawabishani. Wanatoka nje na wasimamizi, wanatembea kwa miguu hadi pale pale. Mmoja anachimba kwa kisigino. Nyasi ya juu inanyanyuka nzima kama kipande cha zulia na chini yake udongo mkavu, maana mvua ya asubuhi imelowesha juu tu. Wanatazamana. Hakuna wa kupiga kura hapo, siku imekwisha, na baa imejaa watu waliolipia meza.

Sasa, watu wanadhani hayo ni ya viwanja vya kijijini. Hata viwanja vikubwa vya New Zealand vimewahi kusitisha siku za mbio kwa utelezi. Uwanja mdogo unakuwa umepumzika miezi, mizizi imeshika. Uwanja mkubwa unaopokea mbio za jirani zake waliofungiwa unakanyagwa kila wiki na haupati nafasi ya kupona. Mkifunga 20, kazi yao inahamia kwenye nyasi zile zile za wengine. Ndiyo maana ikabidi wajenge njia za mchanga uliochanganywa na nta na nyuzi, Cambridge ikianza mwaka 2021. Hizo zinastahimili mvua, sibishi. Lakini si kila farasi anazipenda, na wabetiji nao wanazilalamikia.

Mchangiaji wa nne

Mkeka wangu umechanwa na farasi wa viwanja vidogo mara nyingi mno. Kwangu vifungwe hata leo usiku.

Natania. Endeleeni.

Mchangiaji wa tano

Naomba kutofautiana na wote. Kwa nini hata tunajadili nani alipie? Kamari ijilipie. Mwaka 2020 korona ilipobana, serikali ya New Zealand iliitolea sekta hii dola milioni 72.5. Nenda Queensland, Australia: kodi ya madau ilipopandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2022, asilimia 80 ya makusanyo ikaelekezwa kwenye mbio. Yaani serikali inatoza kodi kwa sababu kubeti kunaumiza familia, halafu pesa inarudi kuendeleza kile kile kinachobetiwa. Mtu anisaidie, hiyo ni kodi au ni mzunguko?

Na msiniambie habari za utamaduni. Mbwa nao walikuwa na utamaduni wao, na Desemba 2024 Peters huyo huyo akatangaza mbio za mbwa zitapigwa marufuku. Farasi wakiendelea kuanguka kwenye kona alizozieleza mchangiaji wa tatu, zamu yao itafika.

Mchangiaji wa sita

Mchangiaji wa tano una hoja kwenye kodi, ila utamaduni usiutupe kirahisi hivyo. Birdsville, huko huko Queensland, ni kijiji cha watu wapatao mia moja ukingoni mwa jangwa. Mbio zao zilianza 1882. Kila Septemba maelfu ya watu wanakwenda, wengine kwa ndege ndogo, wanalala kwenye mahema, na mbio hizo zinachangisha fedha kwa ajili ya madaktari wanaowafuata wagonjwa wa nyika kwa ndege. Hapo farasi ni kisingizio kizuri tu cha watu kukutana. Ukizipima mbio za Birdsville kwa wingi wa madau peke yake, umezipima kwa mizani isiyo yake.

Ila mimi hoja yangu ni ngazi. Mwaka 2004, farasi aitwaye Takeover Target alishinda mbio yake ya kwanza Queanbeyan, uwanja wa mji mdogo wa New South Wales. Mwenye farasi na mkufunzi wake alikuwa Joe Janiak, dereva teksi, aliyemnunua kwa bei ambayo matajiri wa Sydney wanaimaliza kwenye chakula cha mchana, kama dola 1,400 hivi. Miaka miwili baadaye farasi huyo akashinda mbio kwenye mashindano makubwa ya Royal Ascot, Uingereza. Sasa niambieni, mtu kama yule angeanzia wapi kama kungekuwa na viwanja vikubwa tu? Angepata zizi wapi? Nani angemruhusu?

New South Wales wameliona hilo. Tangu 2018 wana mbio inayoitwa The Kosciuszko, inayokimbizwa kwenye uwanja wa Randwick jijini Sydney lakini kwa farasi wa wakufunzi wa vijijini peke yao. Nafasi za kuingiza farasi zinapatikana kwa bahati nasibu, tiketi dola tano, kisha mwenye nafasi anakwenda kuongea na mwenye farasi wagawane zawadi. Mtu wa baa anajikuta na farasi Randwick. Wanaolalamika wanasema siku moja ya Sydney haikati nyasi za kijijini, na kwa hilo nawaunga mkono. Lakini angalau farasi wa kijijini ana pa kuelekea.

Mleta mada

Asanteni. Nijibu yale yanayonigusa.

Mchangiaji wa pili, hesabu sijaikwepa, nimeipanga tofauti. Unasema mbio isiyojaa haina soko. Kweli. Basi punguza siku, usifute uwanja. Ratiba ya mbio ndiyo inayoamua farasi wangapi wanafika, na ratiba haipangwi na klabu ya Reefton, inapangwa makao makuu. Wakikupa Jumatano ya baridi wiki ambayo kuna mbio mbili nyingine jirani, farasi utawatoa wapi? Halafu takwimu zako ndizo zitakazosomwa siku ya kuhukumiwa. Huu mchezo nimeuona kwenye mambo mengi yasiyo ya farasi. Australia wana aina ya siku za mbio zisizoingia kwenye mtandao wa TAB: zawadi ndogo, mabuki (wapokea madau binafsi) wachache na mbao zao, watu wa pale pale. Gharama ya matangazo inaondoka. Kwa nini uwanja uchague kati ya kuwa kamili au kufa?

Hilo la kuhamia kwa jirani linasikika vizuri kwenye karatasi. Klabu isiyo na uwanja inabaki na kombe na kamati. Wale wanaojitolea, anayepaka rangi uzio, anayeendesha trekta, anayepika chai, hawatasafiri mwendo wa saa mbili kwenda kupaka rangi uzio wa watu wengine. Miaka mitatu tu, kamati yenyewe haitimizi akidi.

Mchangiaji wa tatu, umenipa hoja ambayo sikuwa nayo. Ikiwa nyasi zilizopumzika zina thamani, basi uwanja wa kijijini ni akiba ya uwanja mkubwa, na akiba inalipiwa. Iingizwe kwenye bili ya kwanza.

Mchangiaji wa tano, kodi na madhara ya kubeti ni mjadala wake kamili, na mimi ningeuunga mkono kwenye mengi. Ila angalia: ukifunga viwanja vidogo, madau hayapungui hata senti. Yanahamia kwenye simu, kwenye mbio za nchi nyingine. Unachokiondoa ni ile sehemu ambayo watu walikuwa wanaonana uso kwa uso.

Kuhusu ardhi, nilichoandika mwanzo kilikuwa kifupi, nikifafanue. Pale ambapo klabu ilinunua ardhi yenyewe, au iliachiwa na familia ya pale kwa ajili ya mbio, napendekeza pesa igawanywe kwa maandishi kabla kibao cha kuuza hakijasimikwa. Sehemu iende kwenye uwanja wa jirani utakaobeba siku za klabu hiyo, na mkataba useme ni siku zipi. Sehemu ibaki mji ule ule, kwa sababu kule viwanja hivi ndivyo vya maonyesho ya mifugo na vya watoto wanaojifunza kupanda farasi. Chombo cha taifa kichukue kinachobaki, kisichukue kwanza. Avondale ni kesi yake peke yake. Ardhi ya Auckland inaweza kukarabati viwanja kadhaa na sitajifanya sioni hilo. Ila kutumia bei ya Avondale kuhalalisha kuifunga Reefton, ambayo ardhi yake haiwezi hata kununua njia moja ya mchanga na nta, hapo ndipo ninapokataa.

Kuna viwanja vilivyo kwenye ardhi ya serikali, na hakuna aliyevizungumzia hapa mpaka sasa. Huko klabu haina ardhi ya kuuza, ina jukwaa, uzio na mabomba ya maji tu. Ukifungwa, klabu inaondoka na nini? Mwenye uzoefu wa mikataba ya namna hiyo aje atueleze.