Kuchora michoro ya kati Japani: je, kazi hiyo inamlisha mtu?

Swali, kutoka Uyole, Mbeya
Ndugu zangu, habari za majukumu. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, na daftari zake za fizikia zimejaa katuni za Kijapani pembezoni. Ameambiwa kuwa anayeanza kazi ya kuchora katuni za filamu huko Japani huwekwa kwanza kwenye michoro ya kati. Naomba anayeifahamu anieleze ni kazi gani hasa, na kama mtu anaweza kuishi kwayo.

Jibu, kutoka Iringa
Ameambiwa kweli. Mchoraji mkuu huchora hali muhimu za tendo, tuseme mkono ukiwa chini na mkono ukiwa umefika juu, na karatasi hizo huitwa genga. Anayeanza huzinakili upya kwa mstari mmoja safi, kisha huchora hatua zote zilizobaki baina yake; hiyo ndiyo michoro ya kati, kazi iitwayo doga. Sekunde moja ya filamu ina fremu, yaani picha, 24, lakini kwa kawaida mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili au tatu, kwa hiyo michoro minane inaweza kutosha. Mstari ukiacha pengo la unywele tu, rangi inayojazwa kwa kompyuta huvuja, na mkaguzi huirudisha karatasi.

Kuhusu kuishi, hapo ndipo penye mwiba. Wengi hulipwa kwa mchoro, takriban yeni 200 kila mmoja, na uchunguzi wa JAniCA, chama cha wachoraji wa katuni za filamu Japani, uliotolewa mwaka 2015 ulikuta wastani wa mapato yao ni kama yeni milioni 1.1 kwa mwaka, fedha ambazo Tokyo humezwa na kodi ya chumba na chakula. Studio zinazolipa mshahara zipo, Kyoto Animation ikiwa mojawapo.

Jibu, kutoka Njombe
Niongeze kwamba sehemu kubwa ya michoro ya kati hupelekwa Korea Kusini, China na Ufilipino. Kabla hajawaza nauli, ajipime hapa nyumbani. Mimi niliegemeza karatasi kwenye kioo cha dirisha ukungu ulipoondoka, nikajaribu mpira unaodunda. Mchoro wa tatu ukatoka mnene kuliko wa pili, na nilipozipitisha karatasi haraka mpira ukawa unapumua kama chura.

Muuliza swali
Asanteni sana. Nilipomsomea majibu haya alitoa kioo kwenye fremu ya picha ya harusi ya wazazi, akaweka balbu chini yake, na sasa anachora mkono unaopunga. Mama hajarudi kutoka sokoni.