Naomba ushauri: tiba ya maongezi na mwili kwa njia ya video

Salaam ndugu zangu. Niko Kisauni, Mombasa. Tangu ajali ya matatu, nikisikia honi moyo hunienda mbio na usingizi hauji. Nimempata mshauri nasaha anayenihudumia kwa video. Tunaongea, kisha ananiambia nikanyage sakafu kwa nguvu, nitoe pumzi ndefu kuliko ninayovuta, nitaje hofu imekaa wapi mwilini. Hiyo pumzi hunituliza kweli.

Shida ni anaponitaka niikumbuke ajali huku nikiusikiliza mwili. Juzi nilitetemeka, vidole vikafa ganzi, na papo hapo mtandao ukakatika. Nikabaki peke yangu chumbani na hali ile. Nimemwomba twende taratibu, amekubali, na simtilii shaka: amesajiliwa, kama sheria yetu ya 2014 ya washauri na wanasaikolojia inavyotaka.

Waliopitia tiba hii, na wataalamu mliomo: mlikubaliana nini mapema kuhusu mtandao kukatika katikati ya zoezi? Na je, inafaa nimwombe sehemu ya mwili tuifanye ana kwa ana, maongezi yabaki ya video? Natanguliza shukrani.