Kimji cha watu weusi kaskazini magharibi mwa Kansas, kinaitwa Nicodemus. Nani anajua habari yake?

Wa_Lanet
Wadau habari za jioni. Niko na ndugu yangu anaendesha lori Marekani, juzi alikuwa anakata Kansas na barabara ya 24, ngano kulia ngano kushoto, hakuna mlima hakuna mti wa maana, ghafla akaona kibao kimeandikwa Nicodemus na hapo ni jumba moja la mawe, kanisa, nyumba za kuhesabu, basi. Akashuka kunyoosha miguu, ndani ya jumba akaambiwa hapo ni mji ulianzishwa na watu waliotoka utumwani. Kansas jameni! Mimi nilijua weusi wa Marekani ni Chicago, Atlanta na kule kusini kwa pamba. Sasa nauliza, walifikaje huko kwa nyasi tupu, na kama mji ni wa kitambo hivyo mbona haukukua, jamaa anasema ametafuta duka akakosa. Halafu ameambiwa arudi mwisho wa Julai kuna sherehe, hiyo ni kitu cha mtu kuomba ofu kazini kweli?

MwalimuMstaafu_Mumias
Kijana umeuliza vizuri, nimefundisha historia maisha yangu yote na hii haikuwa kwa silabasi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisha 1865, watumwa wakawa huru lakini mashamba yakabaki kwa wale wale waliokuwa mabwana zao. Unalima shamba la mtu, mnagawana mavuno, deni la mbegu haliishi. 1877 serikali ikaondoa askari wake kusini na hali ikazidi kuharibika. Mwaka huo huo mzungu mmoja wa biashara ya ardhi, W. R. Hill, pamoja na mweusi aitwaye W. H. Smith wakaunda kampuni ya mji, wakatangaza jimbo la Kentucky kwa makaratasi na kwa makanisa kwamba kuna nchi ya ahadi Kansas, ploti ya mjini dola 5, na nje ya mji kulikuwa na ile sheria ya 1862, unajiandikisha ekari 160, unakaa na kulima miaka 5 inakuwa yako. Fikiria mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mtu mwingine anaambiwa hivyo.

Septemba 1877 wakaja kama 300 hivi, treni ikawashusha mji wa Ellis, kutoka hapo ni mguu na mizigo. Kufika, hakuna mji. Hakuna mbao pia kwa sababu uwanda ule hauna miti, kwa hivyo wakachimba mashimo kwenye miteremko, ukuta wa mbele ni vipande vya udongo vilivyong'olewa na nyasi zake, juu kunatokeza bomba la moshi tu. Kuna mama anaitwa Willianna Hickman, mke wa mchungaji, yeye alifika 1878 akauliza mji uko wapi, mume wake akamwonyesha moshi unatoka ardhini. Alilia. Familia nyingi ziligeuza zikarudi, yeye na mumewe wakabaki. Kipupwe cha kwanza chakula kikaisha, na waliowaokoa ni Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wanatoka kuwinda, wakawagawia nyama. Ndio wakaanza kulima, wengi kwa sepetu na jembe la mkono, wanyama wa kuvuta plau walikuwa wachache mno.

Nyar_Kondele
Dola 5 unauziwa ploti kwa karatasi, unafika site unapata ni nyasi na upepo 😂😂 mwalimu hii mbona naijua. Hao mabroka walianza kitambo.

Odhis_Railways
@Wa_Lanet swali lako la pili jibu ni reli. Kufikia miaka ya 1880 hao watu walishatoka kwa mashimo, walikuwa na nyumba za mawe, shule, hoteli ya Zachary Fletcher, makanisa, na magazeti mawili, mji mdogo vile! Hata Edward McCabe aliyefika hapo 1878 alichaguliwa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, mweusi, mwaka huo. Sasa reli ilikuwa inakuja na kila mji ulikuwa unaibembeleza. 1887 wananchi wa Nicodemus wakapiga kura kukopa kwa bondi dola 16,000 waipe kampuni ya Missouri Pacific ili ipite kwao. Hawakuelewana, ikapotea. Halafu Union Pacific ikapita upande wa pili wa mto Solomon, 1888, maili chache tu, ikazaa mji unaitwa Bogue. Wenye maduka hawakungoja, wakahama na biashara zao, wengine na majengo kabisa.

Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa hii. Nakuru ilikuwa nini kabla ya stesheni? Kisumu bila reli kufika 1901 ingekuwa beach ya kupakua samaki. Mimi babu yangu alikuwa wa reli, estate yetu ilijengwa kwa sababu ya reli, kwa hivyo naongea na uchungu kidogo.

MwalimuMstaafu_Mumias
Odhis usisahau sisi wa Mumias. Misafara ya kwenda Uganda ilikuwa inapumzika hapa kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, soko lilikuwa hapa, ofisi ya serikali ilikuwa hapa. Treni ikaishia Kisumu, baadaye ofisi nazo zikapelekwa Kakamega.

Shinyalu_Boy
Na bado Mumias ilifufuka miwa ilipokuja, kiwanda cha sukari kilianza 1973 bila kungoja treni ya mtu, kwa hivyo reli siyo kila kitu. Hao wa Kansas walipigwa mara nyingi. Miaka ya 1930 kulikuwa na ukame na zile dhoruba za vumbi, na bei ya ngano ilikuwa chini, hata miji ya wazungu yenye reli ilikauka. Posta yao ilifungwa 1953. Halafu vijana waliosoma hawakurudi shamba, hiyo nayo ni reli? Ukienda kwetu saa hii Januari kijijini ni wazee na mbuzi.

Odhis_Railways
Sawa lakini vumbi lilikuta mgonjwa tayari bana.

Mkenya_Kansas
Mimi niko huku, kwetu ni Vihiga, na hiyo sherehe nimeenda kwa hivyo niulizeni mimi. Inaitwa Homecoming, wikendi ya mwisho ya Julai. Mizizi yake ni tarehe 1 Agosti 1834, siku Mwingereza alipokomesha utumwa kwa makoloni yake ya Karibi, weusi wa Marekani walikuwa wanasherehekea hiyo siku hata kabla yao wenyewe hawajaachiliwa, na hao wa Nicodemus wakaja na desturi hiyo wakaifanya yao. Zamani ilikuwa inafanyiwa chini ya miti kwa shamba la ukoo wa Scruggs.

Siku za kawaida hapo utapata watu wachache sana, hawajazi matatu mbili. Hiyo wikendi magari yanaingia ya namba za majimbo yote, Colorado, California, watoto hawajawahi kuishi hapo hata siku moja lakini wanajua babu yao alichimba shimo wapi. Kuna gwaride, ibada ya Jumapili, nyama, na wamama wanakuuliza wewe ni wa familia gani, nikasema mimi ni wa Vihiga, Kenya, mmoja akaniandikia jina kwa kitabu cha wageni mwenyewe na akanipakulia tena. Kama umeona ile tamasha ya Wamaragoli Desemba 26 pale Mbale ni moto ule ule, ila huku hakuna ngoma ya isukuti.

Tangu 1996 serikali kuu inapatunza kama eneo la historia ya taifa, majengo 5: lile jumba la mawe la 1939, makanisa mawili, shule na hoteli ya Fletcher. Na wapenda mpira wa Kimarekani, Veryl Switzer alizaliwa hapo, timu ya Green Bay Packers ilimchukua 1954.

Nyar_Kondele
Swali la maana, wanaume wa hizo familia wameoa wote? 😂

Wa_Lanet
Nyar Kondele tulia. Asanteni sana, nimemtumia ndugu yangu thread yote na ameshaanza kusumbua dispacha wake. @Mkenya_Kansas analala wapi na lori lake?

Mkenya_Kansas
Asilete lori, hapo hakuna pa kuligeuza siku hiyo. Aliache mji wa Hays akodishe gari ndogo, ajaze mafuta kabisa akifika Hill City, na chumba ashike sasa hivi kwa sababu Julai wenye koo zao wameshachukua vyote. Na abebe kofia, jua la huko ni la Turkana.