Yoki ya kujitengenezea kwa Star Wars ya Atari: potenshiomita, sensa ya sumaku, au ninunue iliyo tayari?

Vekta83 (Dar es Salaam)

Habari zenu wakuu. Nataka kuunda yoki, ule usukani wa mikono miwili, nichezee Star Wars, mchezo wa mashine wa Atari wa mwaka 1983, kwenye kompyuta kupitia MAME, programu ya kuigiza mashine za zamani za michezo. Kwa kipanya mchezo unachezeka, ila utamu wake haupo. Mchezo huu ulibuniwa kwa mtu aliyeshika vishikio viwili, na alama ya kulengea inakaa pale pale mikono yako ilipo.

Kwa ambaye hajaiona: ukizungusha vishikio, alama inakwenda kushoto au kulia. Ukivilaza mbele au nyuma, inakwenda juu au chini. Kila mkono una vitufe viwili, kimoja cha kidole cha shahada na kingine cha dole gumba. Asili yake ni usukani ambao Atari waliutengeneza kwa Bradley Trainer, toleo la Battlezone, mchezo wao wa vifaru, la kufundishia askari wa Marekani.

Njia ninazozipima ni tatu. Kwanza, kununua yoki ya ndege iliyo tayari, mfano ile ya Logitech. Pili, kuunda mwenyewe kwa potenshiomita mbili (vipingamizi vya kuzungusha, kama kitufe cha sauti cha redio) na Pro Micro, bodi ndogo ya kuprogramu. Tatu, kuunda kwa sensa za sumaku, AS5600. Plaiwudi nene ninayo, na beringi za 608 nimepata Kariakoo. Mngenishauri ipi?

FundiRedio_Mvita

Ya kununua iondoe kwenye orodha, kwa sababu ya umbo lake na wala si bei. Yoki za ndege za aina hiyo zina mhimili mrefu unaousukuma ndani na kuuvuta nje. Ya Atari haisukumwi, inalazwa kwa kifundo cha mkono. Kwa anayerusha Cessna kwenye kompyuta hiyo ya Logitech inafaa sana. Kwa mchezo huu, mkono wote hadi bega unafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na kiganja, na pale kwenye handaki la mwisho la mchezo utachelewa kila mara.

Mimi ni wa potenshiomita. Ndiyo iliyokuwamo kwenye mashine yenyewe, ya kilo-omu 5. Kwa Pro Micro chukua ya kilo-omu 10, ila soma herufi iliyoandikwa mgongoni. B maana yake inapanda kwa usawa, na hiyo ndiyo unayoitaka. Zile zinazong'olewa kwenye redio mbovu mara nyingi ni A, za sauti, ambazo hupanda polepole halafu zikaruka. Ukifunga A, upande mmoja wa skrini alama itatambaa na upande wa pili itakimbia.

Waya tatu tu: volti 5, ardhi, na ule wa katikati uende kwenye pini ya analogi. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya waya wa katikati na ardhi, alama isitetemeke. Na usinunue bodi ya Arduino Uno ukidhani ni ileile. Pro Micro ina chipu ya ATmega32U4 inayojitambulisha yenyewe kwa kompyuta kama jostiki. Uno ya kawaida haifanyi hivyo bila kuhangaika.

Naima_Muscat

Salaam. Kaka FundiRedio kasema kweli, lakini hajagusa hesabu ya pembe. Potenshiomita ya kawaida huzunguka karibu nyuzi 300. Yoki yako itazunguka, tuseme, nyuzi 60. Ukiifunga moja kwa moja kwenye mhimili unatumia sehemu moja ya tano tu: kati ya hatua 1024 za usomaji za Pro Micro unabaki na kama 200. Ndiyo maana watu huweka gia, moja kwa tatu hivi, wapate hatua 600 na kitu. Na gia ikiwa na nafasi kidogo kati ya meno, alama haisimami katikati.

AS5600 inakuepusha na gia zote hizo. Unagundisha sumaku ndogo ya duara kwenye ncha ya mhimili, sensa inakaa mbele yake bila kugusana, nafasi ya milimita 1 au 2. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakuna kinachochakaa. Mzunguko mzima ina hatua 4096, nyuzi 60 zinakupa zaidi ya 680.

Mambo mawili ya kuangalia. Sumaku iwe ile iliyogawanywa kaskazini na kusini kwa upana wake. Zile za kubandika kwenye friji, ambazo ncha zake ziko juu na chini, hazifai: utaizungusha na namba haitabadilika. Pia usiishike kwa bolti ya chuma, tumia shaba au plastiki. La pili ni kwamba AS5600 huongea na bodi kwa I2C, njia ya waya ambayo kila kifaa kina anwani yake, na anwani yake ni moja, 0x36, haibadilishwi. Mbili kwenye waya mmoja zitagongana. Bodi ya Raspberry Pi Pico, badala ya Pro Micro, ina njia mbili za I2C, kila sensa ipewe yake na mambo yameisha.

Vekta83 (Dar es Salaam)

Shukrani dada Naima, hilo la anwani lingenitesa. Swali: je, hatua 200 ni chache kweli kwa mchezo huu?

FundiRedio_Mvita

Si chache. Mashine ya Atari yenyewe ilisoma yoki kwa chipu ya ADC0809, ya biti 8, yaani hatua 256 basi. Waliolengea kwa hizo walilenga vizuri tu. Tatizo la potenshiomita ni uchakavu: njia ya kaboni ikilika pale katikati, ambapo mkono unakaa muda mwingi, alama inaanza kurukaruka. Dada Naima yuko sahihi kwamba sumaku haina ugonjwa huo.

JuaKali_Kamukunji

Mnabishana juu ya sensa na hakuna aliyeuliza yoki inarudije katikati. Mimi nachomelea vyuma, acha niseme ninachokijua.

Wengi wanafunga springi mbili, moja inavuta kushoto, nyingine kulia. Springi mbili hazilingani hata zikitoka pakiti moja. Katikati yake inakuwa pana na legevu, na baada ya muda inahama upande. Mpira wa tyubu ya baiskeli ndio mbaya zaidi, joto linaulegeza.

Fanya hivi. Kata mikono miwili ya bati nene, itundike yote kwenye mhimili mmoja ikae kama mkasi. Springi moja iibane mikono hiyo ielekeane. Kati ya mikono weka pini mbili: moja imefungwa kwenye fremu na haisogei, nyingine imefungwa kwenye mhimili na inageuka nao. Ukizungusha kulia, pini ya mhimili inasukuma mkono mmoja huku mwingine ukizuiwa na pini ya fremu. Kushoto ni kinyume chake. Ukiachia, springi ileile moja inarudisha pini zote mbili sambamba. Katikati ni moja tu. Hakikisha pini zote mbili zina unene sawa kabisa, la sivyo itacheza hapo katikati.

Weka na vizuizi vya chuma mwisho wa kila upande, vyenye kipande cha mpira. Mchezaji akichangamka anavuta kwa nguvu zote, na bila kizuizi nguvu hiyo inaishia kwenye shina la potenshiomita na kulivunja.

Naima_Muscat

Hapo nakubali mkono juu. Sensa nzuri kwenye mhimili unaocheza itasoma kucheza kwenyewe kwa usahihi mkubwa.

kipanga_254

Nyongeza ya upande wa programu. Fungua mame.ini, faili la mipangilio ya MAME, tafuta joystick_deadzone, shusha hadi sifuri au karibu yake. Thamani inayokuja nayo ni ya jostiki za kawaida, na kwa yoki utahisi sehemu ya katikati imekufa: unazungusha kidogo na alama haisogei. Kisha ndani ya mchezo bonyeza Tab, nenda kwenye vidhibiti vya analogi, pandisha au punguza wepesi hadi alama ifike ukingo wa skrini wakati yoki inagusa kizuizi.

Vekta83 (Dar es Salaam)

Nimeelewa. Kesho naanza na fremu na ule mkasi, kwa mihimili yote miwili. Kwa sensa naanza na B10K kwa sababu zipo dukani leo, ila ncha za mihimili naziacha wazi na nafasi ya kishikio cha plastiki, AS5600 zikifika nabadilisha bila kukata tena. Ndugu JuaKali, springi ya upana gani?

JuaKali_Kamukunji

Usinunue kwa kipimo, nunua kwa mkono. Beba mikono ya bati uende nayo dukani, ijaribu hapo hapo. Mhimili wa kuzungusha uwe mwepesi kuliko wa kulaza, maana vishikio vina uzito wake na vitaanguka mbele springi ikiwa laini. Na waya za vitufe zipitishe ndani ya mhimili, uziachie ulegevu wa kutosha pale panapokunjika. Zikivutwa kila ukigeuza, zitakatikia ndani ya ganda ambako huwezi kuona.

Vekta83 (Dar es Salaam)

Sawa mkuu. Nikimaliza fremu naweka picha hapa.