Msusi kanikata nywele hadi masikioni. Nimdai au ninyamaze?

Nywele_Zangu (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Naandika huku machozi yananitoka, mniwie radhi nikichanganya mambo.

Jana nilikwenda saluni kupunguza ncha tu. Nywele zangu zilikuwa zinafika kiunoni, nimezilea kama mtoto mchanga. Msusi ni yule yule ninayemwendea siku zote. Nikamwambia punguza kidogo, nikainamia simu. Kuja kuinua uso, mkasi umeshapita upande wote wa kushoto, nywele zimeishia usawa wa ndewe ya sikio. Eti ananiambia, "Dada, sasa inabidi na huku kufuate." Ningefanyaje, nitoke na kichwa nusu nusu? Akamalizia.

Naombeni ushauri. Nimdai hela yangu na fidia juu, au nimwachie Mungu? Na nifanye nini zikue haraka? Kejeli sitaki, niko vibaya.

MzeeWaBenchi
Naweka kiti hapa. Picha?

Kipilipili88
Pole sana shoga. Hilo neno "kidogo" ndilo lililokuponza. Kidogo chako ni ukucha, kidogo cha msusi ni kiganja kizima. Mimi siku hizi simwambii mtu kidogo. Nashika nywele zenyewe, nazibana kwa vidole viwili pale ninapotaka ziishie, namwambia kata hapa, na ukate fungu moja kwanza nilione likishakauka. Maana hizi zetu za kipilipili zikilowa zinanyooka, zikikauka zinajikunja, zinaweza kupoteza hata zaidi ya nusu ya urefu. Akikukata zimelowa huku anazivuta, ukitoka kwenye draya umerudi chekechea.

BabaWawili
Msidhani sisi wanaume tuko salama. Kinyozi wangu alisema ananinyooshea laini ya mbele. Akanyoosha kulia, ikawa juu kuliko kushoto. Akanyoosha kushoto, ikapita kulia. Alipomaliza kusawazisha, paji langu la uso lilikuwa limefika utosini. Nililala na kofia mwezi mzima. Mke wangu mpaka leo ananiita mheshimiwa.

Ustadhi_Mpole
Dada yangu, kuna watu wametoka kwenye matibabu makali wanaomba nywele ziote tu, hata za kukwaruza kiganja. Wewe unalilia urefu. Tushukuru tulivyo navyo.

Kipilipili88
Ustadhi, kaomba ushauri, hotuba hakuomba. Kila mtu na kilio chake.

MkasiMkononi
Mimi ni msusi, huu mwaka wa 14. Mwenzangu simtetei, kukata vile bila kumwonyesha mteja ni kosa. Ila kuna kitu hapa hakijakaa sawa. Msusi anayekujua, aliyekushika kichwa siku zote, hazitoi nywele kiunoni hadi sikioni kwa kuteleza mkono. Kuna kitu alikiona. Zilikuwa na dawa ya kunyoosha au za asili? Rangi je?

Nywele_Zangu
Nywele zilikuwa nzima kabisa. Hoja hapa ni kukatwa bila ridhaa, tusitoke nje ya mada. Halafu nimeshamwandikia ujumbe, asiponirudishia hela namweka mtandaoni, yeye na picha yake. Na kesho naenda kwa mwingine kushonea wivingi, nimeshalipa nusu.

MkasiMkononi
Sikuuliza kama zilikuwa nzima. Nimeuliza dawa na rangi.

Nywele_Zangu
Dawa niliweka, nani haweki?

MkasiMkononi
Lini? Na rangi?

MzeeWaBenchi
Mleta mada kazima taa. Tunasubiri gizani.

Nywele_Zangu
Nipo, nilikuwa na kazi.

Haya. Wiki mbili zilizopita nilijipaka blichi mwenyewe nyumbani, nilitaka ile kahawia ikolee. Siku ya nne nikaziona zimekuwa ngumu, nikaweka dawa. Ndiyo, kichwa kizima, siyo mizizi tu. Msusi sikumwambia kwa sababu alishanikataza siku za nyuma, ningeanza kusikia maneno. Lakini bado alitakiwa aniulize kabla ya kukata! Na huyo wa kesho ana mkono mwepesi, watu wanamsifia. Jumamosi nina shughuli, siwezi kwenda hivi.

MkasiMkononi
Sasa tunaongea. Sikiliza mdogo wangu, maana hapa ndipo penyewe.

Blichi inafungua ganda la nje la unywele na kula rangi iliyomo ndani. Dawa nayo inavunja vile vifungo vya ndani vinavyoupa unywele nguvu na mkunjo. Kimoja peke yake, kwa mkono unaojua, nywele zinavumilia. Viwili ndani ya siku nne, tena dawa juu ya urefu uliokwisha kupigwa blichi, unabaki na uzi uliooza. Zikiwa kavu zinadanganya, zinang'aa hata. Zikilowa ndio unazijua: ukivuta zinavutika kama ubani uliotafunwa, hazirudi, kisha zinakatika. Ninavyoona mimi, mwenzangu alikuosha, akaanza kuchana, kitana kikatoka na nywele ambazo hazina mzizi. Hazikung'oka, zilikatika katikati. Hapo unakata palipo pazima, au unaziacha zijikatie zenyewe, kila moja kwa urefu wake. Kosa lake ni kwamba hakusimamisha mkasi, akakushika bega akakuonyesha kile kitana.

Wivingi achana nayo. Mabutu ya kushonea yanavuta mashina, na ulizobaki nazo bado zimetoka kwenye dawa juzi tu. Zitaanza kutoka pembezoni, hapo juu ya masikio na kwenye paji. Ukizoea kuvuta hivyo muda mrefu, shina linakufa na pale hapaoti tena. Nimewaona wateja wa hivyo, wanakuja na skafu hawataki kuivua mbele ya watu. Ukitaka kujificha Jumamosi, tafuta wigi isiyo ya gundi, vaa kofia laini chini yake, usiku vua.

Kukua haraka, hakuna. Unywele unaota kutoka kwenye ngozi, sentimita 1 na kitu kwa mwezi, basi. Mkasi hauongezi kasi na mafuta hayavuti. Unachoweza ni kuzuia zisikatike: usizichane kavu kavu, pasi iweke kabatini, dawa na rangi usisogeze.

Nywele_Zangu
Nashukuru. Ila wivingi siahirishi, hela imeshatoka. Nitamwambia asikaze.

MkasiMkononi
Wote huwa wanaambiwa wasikaze.

MamaPacha
Umenikumbusha mbali. Nilipojifungua, mwezi wa tatu hivi nywele zikaanza kutoka kwa mafungu, mto wa kulalia asubuhi ukiuona unaweza kulia. Nikamwendea msusi wangu, nikamtukana mbele ya wateja kwamba dawa yake imeniunguza. Kumbe ni uzazi, kwenda kliniki naambiwa ni kawaida na zitarudi. Nywele zilirudi. Yule dada mpaka leo tukikutana anavuka barabara.

Hesabu_Kali
Wakuu ngojeni kidogo kabla hamjaendelea kutoa machozi. Nimepita kwenye nyuzi za nyuma za huyu mleta mada. Miaka miwili iliyopita, kwenye uzi wa kunyoa upara, kaandika kwa mkono wake: "Nimenyoa zote leo, naanza upya." Sasa tupige hesabu na takwimu za msusi wetu. Sentimita 1 na kitu kwa mwezi, miezi 24, mpe 30 kwa hisani. Utosini hadi kiunoni ni 60 na zaidi. Hizo nyingine kazikopa wapi?

Hii chai. Subirini, sasa hivi anaibuka mtu anauza wigi.

MzeeWaBenchi
Si niliomba picha tangu mwanzo mkaniona mbaya?

Duka_la_Urembo
Wigi zisizo na gundi zipo, rangi zote, njoo PM.

Hesabu_Kali
Nilisema nini?

BabaWawili
Yaani nimetoa siri ya paji langu la uso bure?

Kipilipili88
Shoga jibu, mimi nilishakutetea hapa.

Nywele_Zangu
Sijatunga! Huyo wa wigi simjui. Kunyoa ni kweli nilinyoa. Kiunoni nilitia chumvi kwa sababu nilikuwa na hasira. Zilikuwa zinagusa mabega, nikizipiga pasi na kuzivuta kwa mkono zinapita kidogo. Lakini zilikuwa zangu na sasa hazipo, hilo nalo ni chai?

MzeeWaBenchi
Kwa hiyo kutoka kiunoni hadi mabegani mkasi haukuhusika. Hizo umezikata wewe mwenyewe, hapa hapa, mbele yetu.

Ustadhi_Mpole
Uongo hauna mguu, dada yangu.

Kipilipili88
Ustadhi!

Nywele_Zangu
Chekeni tu. Nimerudi kusema jambo moja.

Zile nywele niliondoka nazo kwenye mfuko, nilitaka ziwe ushahidi. Usiku huu nimechukua unywele mmoja, nikauchovya kwenye kikombe cha maji, nikaushika ncha huku na huku, nikavuta kama alivyosema MkasiMkononi. Ukavutika. Nikaendelea kuvuta, ukazidi kuvutika, umekuwa mwembamba hata siuoni vizuri kwenye taa. Nilipoulegeza haukurudi, ukaning'inia vile vile. Nikavuta tena, ukakatika bila hata kuusikia. Nimejaribu mitatu, yote hivyo hivyo.

Huyo wa wivingi nimempigia, anasema hela hairudi. Sijui nitafanyaje kesho. Na ule ujumbe niliomwandikia msusi wangu umesomwa tangu asubuhi, hajajibu neno. Nikimpigia nianzie wapi?

MkasiMkononi
Anzia kwenye blichi.

BabaWawili
Na Jumamosi ukikwama, kofia yangu bado ninayo.