Ufuta ekari 3: jembe, dawa ya majani au vyote viwili?

Ngongo_mpya: Wakuu habari za mvua. Niko Nachingwea, nataka kuweka ufuta ekari 3, shamba msimu uliopita lilikuwa na mahindi. Mwaka jana nilitupa mbegu kwa mkono kama mzee alivyokuwa anafanya, palizi ikanishinda kabisa, vibarua kila mtu kawataka wiki hiyo hiyo na niliowapata hawajui mche ni upi na jani ni lipi, nikavuna kitu cha aibu. Sasa hapa nawaza, jembe la mkono palizi mbili, au nipige dawa nilale, au nichanganye. Kuna duka jamaa kanambia nichukue 2,4-D nipige ufuta ukishaota, eti inamaliza majani mapana yote.

KorochoniKwetu: Wee simama hapo hapo!! Ufuta nao si una majani mapana? Hiyo ni ya mahindi na mpunga, ukipiga kwenye ufuta unajiua mwenyewe. Mimi wala sikupiga, niliazima bomba la kupulizia dawa la jirani alilopigia 2,4-D kwenye mahindi, nikasuuza mara moja tu nikaweka dawa ya wadudu. Siku chache baadae ufuta wangu umejikunja kama mkia wa kinyonga. Tangu hapo nina bomba mbili na moja nimeichora msalaba mwekundu, hata mke wangu haruhusiwi kuigusa.

Mama_Ruangwa: Mwanangu jembe halina shida, shida ni kuchelewa. Ufuta ukiwa mchanga ni mvivu sana kukua, wiki nne za mwanzo majani yanaupita mbio. Mimi naingia wiki ya pili tu ukishaota, napalilia huku napunguzia miche kazi moja, narudi kabla haijafika wiki ya tano. Baada ya hapo unafunga wenyewe, kivuli chake kinakusaidia. Ukisubiri mpaka majani yakufike magotini utapalilia na bado utavuna patupu, maana chakula kishaliwa.

BwanaShamba_mstaafu: Mama kamaliza nusu ya kesi. Nusu nyingine ni mistari. Ukitupa mbegu hata uwe na vibarua ishirini hawaoni pa kupitisha jembe. Vuta kamba, mstari hadi mstari sentimita 50, hata mgeni atajua kilicho nje ya mstari ni cha kung'oa. Naliendele (kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara) wanafanyia utafiti ufuta miaka mingi, na hizo mbegu zao kina Lindi 02 zinataka nafasi.

Kuhusu dawa, ningekuwa wewe ningeitumia KABLA ya kupanda. Andaa shamba mapema, acha mvua za kwanza zioteshe majani, yakiwa bado mabichi na yanakua piga glaifoseti (dawa inayoua majani ya karibu kila aina), subiri yakauke, halafu panda bila kufukua sana udongo. Ukilima tena kwa kina unaziinua mbegu zilizolala chini nazo zinaota. Na maji yawe safi jamani, ukichota dimbwi la tope ile dawa inajishika kwenye udongo inakuwa kama umepiga maji matupu, kisha watu wanasema dawa feki.

Ufuta ukishaota, zipo dawa zinazoua nyasi tu bila kugusa majani mapana, haloksifopu na kwizalofopu ni za kundi hilo. Soma kibandiko uone kama ufuta umetajwa. Zinapigwa nyasi zikiwa ndogo, zikishatoa masuke umechelewa.

mtu_wa_Nanyumbu: Ila mzee hizo za nyasi haziui NDAGO, watu wanajichanganya hapo. Ndago inafanana na nyasi lakini si nyasi. Na jembe ndo linaisambaza kabisa, unakata juu vile vitunguu vyake vinabaki chini vinatoa ndugu zake. Kwangu kona yenye ndago niliipiga glaifoseti misimu miwili mfululizo kabla ya kupanda ndo ikapungua, haijaisha lakini.

KorochoniKwetu: Na usizoee glaifoseti peke yake kila mwaka. Australia walikuta jani sugu kwa hiyo dawa tangu 1996, na si kwamba walikosa wataalamu.

Bi_Chakula: Samahani naingilia, hayo mahindi ya msimu uliopita ulipiga atrazini (ile dawa ya majani ya kwenye mahindi)? Inakaa kwenye udongo na ufuta hauipendi. Chota udongo sehemu kadhaa za shamba, weka kwenye makopo, panda punje za ufuta, na kopo moja weka udongo wa mahali pasipopigwa dawa. Wiki mbili tatu utaona kama inaungua majani. Bure kabisa. Na kama uliona kiduha kwenye hayo mahindi (kile cha maua mekundu kinachonyonya mizizi ya mahindi) umefanya vizuri kuhama, mbegu zake zinalala ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri mahindi yarudi.

Ngongo_mpya: Aisee atrazini nilipiga kweli, tena kwa kukadiria na kifuniko 😅 na kiduha kilikuwepo upande wa bondeni. Basi kesho natafuta makopo. Yakiota salama napiga glaifoseti mara moja, navuta kamba, halafu jembe wiki ya pili na tena kabla ya wiki ya tano, vibarua nawapa hela ya kishika nafasi kuanzia sasa. Ile 2,4-D nishainunua, kuna anayelima mahindi huku nimuuzie?

Mama_Ruangwa: Muuzie, ila bomba lako usimwazime.