Mvunjiko wa nyonga usiotulia: rima ikiingia tu, shingo ya paja inalala

Dkt_Ngara
Wakuu, naomba ushauri. Mvunjiko wa trokanta (kivimbe cha juu cha mfupa wa paja, chini ya shingo yake): ukuta wa nje umepasuka, kipande cha ndani upande wa nyuma kimeachana kabisa. Mguu ukivutwa mezani, picha ya C-arm (eksirei ya chumba cha upasuaji) inapendeza. Rima (keekee pana ya kupanua njia ya msumari) ikiingia, shingo inalala varasi, yaani kichwa kinaelekea chini, na paja linasukumwa nje. Tuushikilieje? Koleo maalumu la kubana vipande hatuna; muuzaji huleta seti ya msumari wa kupita ndani ya mfupa tu.

MifupaUpperHill
Tatizo ni mahali unapoingilia, daktari. Waya ya mwongozo ikikaa nje ya ncha ya trokanta, rima inapita ndani ya ufa wenyewe. Haikati mfupa, inatawanya vipande, kisha msumari unakaa pale kama kabari. Sogeza waya ndani ya ncha, milimita 2 au 3. Rima ianze kuzunguka kabla haijagusa mfupa, iende kasi, isisukumwe. Msaidizi aikandamize trokanta kuelekea ndani muda wote. Msumari uingie kwa mkono, kwa kuuzungusha kidogo kidogo. Ukitamani nyundo, utoe kwanza uangalie kinachoukwamisha.

KisuNaSkrubu
Na usiridhike na picha ya mbele. Ile ya ubavuni ndiyo huonyesha paja limening'inia nyuma. Liinue kwa mkongojo kutoka chini. Shingo ikichomoza mbele, pasua sentimita 2, ingiza eleveta (chuma bapa) uikandamize irudi. Koleo si lazima: paja likienda nje, lisukume kwa kisukuma chenye ncha, likiingia ndani, livute kwa ndoano ya mfupa.
Kabla ya kutoboa njia ya skrubu ya kichwa (ile inayopita kwenye msumari hadi kichwa cha paja), piga waya ya pili ya milimita 2.5 hivi, pembeni mwa njia ya msumari. Bila hiyo kichwa huzunguka pamoja na skrubu.

Dkt_Ngara
Na waya ya kuzungushia mfupa?

MifupaUpperHill
Kwa ufa mrefu wa mshazari unaoshuka chini ya trokanta ndogo (kivimbe cha upande wa ndani), sawa: waya moja, kwa tundu dogo, misuli isichunwe. Kwa huu wako itateleza tu.

Sista_Thieta
Msumari ukiwa bado kwenye meza ya vifaa, ufungeni kwenye mkono wa kulengea (kifaa cha nje kinachoelekeza skrubu) mpitishe keekee hadi kwenye tundu lake. Ikigusa ukingo, kazeni boliti mjaribu tena. Wengi huliruka hili, halafu C-arm inalaumiwa.

KisuNaSkrubu
Umbali wa ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa, picha ya mbele ukijumlisha na ya ubavuni, uwe chini ya milimita 25. Legeza mvuto kabla ya skrubu za chini. Ukifunga mguu ukiwa umevutwa, ufa unabaki wazi na msumari unabeba uzito peke yake.